Godoro la Mama Hilaria

Kwa miaka ishirini na sita Melkiadi alilipwa mshahara kwa kufyeka nyasi. Alikuwa kibarua wa barabara, yeye na wenzake kumi na mmoja, wakifyeka kando ya barabara kutoka Babati mjini kuelekea Bonga. Wakifika mwisho walirudi mwanzo, kwa sababu za mwanzo zilikuwa zimeota tena. Alizichukia nyasi kama mtu anavyomchukia jirani mwenye kelele. Alizijua zote kwa sura na tabia: zile nyekundu zinazoinamisha vichwa, zile ndefu za kuezekea zinazochana vidole, zile laini zinazojifanya zimekufa mpaka uzipe kisogo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku moja atapiga magoti kuzibembeleza zikubali kuota.

Alistaafu mwaka themanini na moja, wakati nchi nzima ilikuwa haina kitu. Zawadi yake ilikuwa lile fyekeo alilokuwa akilitumia, koti la mvua lisilo na vifungo, na barua ya shukrani iliyopigwa chapa nyuma ya barua ya mtu mwingine, maana karatasi nazo zilikuwa zimeadimika. Ukiigeuza ulisoma kwamba bwana fulani wa Magugu anaonywa kwa mara ya mwisho kuhusu ulevi. Melkiadi aliitundika ukutani upande wa shukrani, lakini wageni walipenda kuigeuza.

Nyumba yake ilikuwa Singe, na nyuma ya nyumba palikuwa na nusu eka iliyoteremka hadi kwenye korongo. Hapo yalilimwa mahindi mpaka udongo ukachoka, na kila masika korongo lilisogea hatua mbili tatu kuelekea nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Melkiadi hakuziba, na masika ya mwaka themanini na mbili korongo likameza choo. Mkewe, Fabiola, alikuwa ametoka humo muda si mrefu. Tangu siku hiyo alimkumbusha mumewe jambo hilo asubuhi, mchana, na kabla ya sala ya jioni.

Basi palipoitishwa baraza la kilimo, Melkiadi alikwenda akakaa mbele kabisa. Bwana shamba alikuwa kijana mgeni kutoka Tanga, jina lake Alawi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alawi alieleza kwamba ardhi tupu ni ardhi inayohama, na kwamba dawa yake ni kupanda nyasi za asili pamoja na maua yake ya porini, maana hizo ndizo zinazoijua nchi hii, mvua zake na ukame wake. Watu walicheka, wakauliza nani alizaliwa na akili zake akapanda nyasi. Melkiadi hakucheka. Aliuliza mbegu zinapatikana wapi. Alawi akajibu kwa huzuni kwamba mbegu hakuna, kama vile sabuni, sukari na betri za redio.

Melkiadi alirudi nyumbani akiwaza. Fabiola alikuwa kwao, huko juu Mbulu, kwenye msiba wa shangazi yake. Nyumba ilikuwa kimya. Akajilaza kitandani, na mgongo wake ukasikia nyasi zikinong'ona ndani ya godoro.

Godoro hilo lilistahili heshima. Lilikuwa la kitambaa cha marekani, na nyasi zake zilitoka kwenye kilima kilichokuwa juu ya nyumba ya akina Fabiola. Mama yake ndiye aliyezikata wiki ya harusi, mwaka arobaini na tisa, akiwa na dada zake. Kwao kazi hiyo ilikuwa ya wanawake peke yao. Mwanamume aliyechungulia wanachoweka humo alifukuzwa kwa fimbo. Kila Fabiola alipokwenda kwao alirudi na kifurushi cha kujalizia, mpaka mwaka ule kilima kilipolimwa chote. Kila Jumamosi alilianika godoro juani, akalipiga, na uani pakanukia harufu fulani tamu yenye ukali kidogo, ambayo Melkiadi, kama waume wengi, aliifurahia miaka thelathini na mitatu bila kuuliza inatoka wapi.

Alikaa kitako kitandani. Mbegu zilikuwa chini yake! Asubuhi alichukua kisu, akalipasua godoro, akalitandaza shamba lote, mabua, vumbi na vyote vilivyokuwamo. Akaazima mbuzi wa rafiki yake Teodori, waliyefyeka naye barabara moja, akawapitisha mara tatu wazikanyage mbegu ziingie ardhini. Mbuzi walikanyaga vizuri, ingawa midomo yao nayo haikukaa bure. Jioni mvua za vuli zilianza, na Melkiadi akalala juu ya magunia akijiona mwanamume mwenye akili kuliko wote Singe.

Fabiola alikaa msibani siku tisa, kwa sababu basi lilikosa matairi. Alifika amechoka, akaingia chumbani, akajilaza, akainuka.

"Baba Hilaria, godoro langu liko wapi?"

Melkiadi alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonesha. Kulikuwa na matope, mabua machache yaliyolowa, na kuku wanne waliokuwa wakichakura. Alianza kumweleza habari za ardhi inayohama. Fabiola alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomtisha Melkiadi, kwa kuwa hakuwa amezoea kusikilizwa mpaka mwisho.

"Lile godoro alilijaza mama yangu kwa mikono yake," alisema Fabiola. "Mama amekufa, na kilima kimelimwa."

"Zitaota," alisema Melkiadi.

"Basi zikiota, ukalijaza kama lilivyokuwa, likanukia kama lilivyokuwa likinukia, nitumie mtu aniambie."

Akaikunja foronya tupu ya godoro, akamwekea mumewe mikononi kama anavyokabidhiwa mtu maiti ya mtoto, akachukua kikapu chake ambacho hakuwa hata amekifungua, akaenda Maisaka kwa binti yao Hilaria.

Melkiadi alidhani ni hasira ya siku mbili. Wiki ilipopita alifanya kama desturi inavyotaka: alimtuma Teodori aende kumwombea msamaha, akiwa na kondoo dume mnene. Teodori alirudi jioni na kondoo wake. Alisema Mama Hilaria amempokea kwa adabu, amempa uji, amemsifu kondoo, na amesema kwamba hana haja ya kondoo, kwa sababu kondoo halaliwi. Kwa bintiye lilikuwepo godoro la sponji, la kununua, ambalo mkwe alilipata kwa kibali baada ya kusubiri mwaka mzima. Mbele za watu Fabiola alilisifu sana. Lakini Hilaria alimnong'oneza Teodori mlangoni kwamba mama anatokwa jasho usiku kucha na asubuhi anatembea amejishika kiuno.

Habari ya kiuno ilimpa Melkiadi matumaini. Aliona aibu kwa kufurahia, lakini alifurahi.

Godoro, hata hivyo, halikuota. Vuli ilipita, Krismasi ikapita, na katika nusu eka nzima kilichoota kilikuwa ndago, kishona nguo, mbigili, na kimmea kimoja kinachotambaa, chenye majani ya kijivu na viua vidogo vya zambarau, ambacho hakikufanana na nyasi yoyote aliyoijua barabarani. Magugu matupu. Melkiadi aliyang'oa yote kwa mkono, akayatupa korongoni. Kile cha kutambaa kilikuwa king'ang'anizi kuliko vyote, na kilimwachia mikononi harufu ambayo jivu halikuiondoa. Sabuni nayo, ni nani aliyekuwa nayo?

Siku ya Pasaka alikutana na mkewe nje ya kanisa, baada ya misa. Walikuwa hawajagombana kwa maneno, kwa hiyo walisalimiana kama Wakristo. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Fabiola alimpa mkono, na alipoushika wa mumewe hakuuachia. Aliushika kwa mikono yote miwili. Akauinua kidogo, akainamisha uso, na kwa muda Melkiadi alihisi pumzi yake juu ya vidole. Kisha akamtazama kwa jicho ambalo hakuweza kulisoma, akamwachia, akaenda zake Maisaka.

Melkiadi alitembea juu juu wiki nzima. Alimwambia Teodori kwamba mke wake karibu ambusu mkono mbele ya padri, na kwamba sasa ni suala la siku chache. Zilipita siku, zikapita wiki. Fabiola hakuja, na Jumapili iliyofuata alimsalimia kwa mbali, kwa ubaridi uliozidi hata ule wa mwanzo. Hapo Melkiadi akachanganyikiwa kabisa.

Nyumba nayo ilikuwa imekuwa kubwa kupita kiasi. Alijifunza kupika ugali uliokuwa mbichi katikati na umeungua pembeni. Jioni alijikuta akinyamaza mahali pale ambapo Fabiola angemkumbusha habari ya choo, akingoja, na kimya hicho kilimuuma kuliko makorongo yote ya Babati. Alimkumbuka mke wake, basi. Alimkumbuka mpaka akakubali moyoni kwamba yeye ni mjinga, jambo ambalo kwa mwanamume wa miaka sitini ni kazi kubwa kuliko kulima.

Mwezi wa Juni alipanda Mbulu kutafuta mbegu zenyewe, nusu ya njia kwenye lori la viazi na nusu kwa miguu. Kilima cha akina Fabiola kilikuwa kimelimwa mpaka kileleni, kwa amri ya kilimo cha kufa na kupona. Palipobaki na nyasi za zamani ni makaburini tu. Aliomba radhi kwa wakwe zake waliolala pale, mmoja mmoja, akachuma mbegu zilizojaa kofia mbili. Aliporudi alikwenda barabarani kuwapigia magoti vijana wanaofyeka siku hizi. Aliwaomba waache kipande kidogo pale kwenye daraja, mpaka mbegu zikomae. Msimamizi wao alimkubalia kwa heshima, akampisha, na alipokwisha kupita akawauliza wenzake mzee huyu alianza lini kuumwa.

Vuli ya mwaka themanini na tatu alizipanda. Safari hii alizichanganya na mchanga ili zitawanyike sawasawa, akazikanyaga mwenyewe, bila mbuzi. Zikaota! Vijani vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Melkiadi alichuchumaa hapo kila asubuhi, akitofautisha nyasi na magugu kwa ncha ya kidole, akizungumza nazo kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie.

Lakini mzoea kunyonga kuchinja hawezi. Asubuhi moja ya Februari aliamka na mawazo mengi, akachukua fyekeo ukutani bila kujua amelichukua, akaenda nyuma ya nyumba, na mkono ukafanya kazi yake ya miaka ishirini na sita. Fyu, fyu, fyu. Alikuwa amefika katikati ya shamba, akipiga mluzi, alipotambua anachofanya. Aliketi chini papo hapo akalia, akimlaani fundi aliyevumbua fyekeo. Teodori alipokuja aliambiwa aichukue silaha hiyo akaifiche kwake, na asiirudishe hata akiombwa kwa machozi. Ajabu ni kwamba nyasi hazikukasirika. Wiki mbili baadaye zilichipua nene kuliko mwanzo, na Melkiadi akajifunza kwamba kumbe miaka yote ile alikuwa akizitunza.

Ndipo Bwana Alawi alipokuja kukagua mashamba. Ilikuwa miaka ya nguvu kazi, na kila nyumba ilitakiwa kuonesha imelima nini. Alitoa shikamoo, akaitikiwa, akatazama, akaivua miwani akaifuta, akatazama tena.

"Mzee, hili ni pori."

Melkiadi alimkumbusha baraza lake mwenyewe. Alawi alijibu kwa unyonge kwamba alisema kingo za shamba, hakusema shamba zima, na kwamba shamba lisilo na zao kamati italigawa kwa mtu mwingine. Hakupenda kusema hivyo, ilionekana usoni. Akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba fomu yake haiulizi ni zao gani, inauliza tu kama limepandwa kwa mistari.

Siku tatu Melkiadi na Teodori walivuta kamba ya katani na kuhamisha nyasi, shina kwa shina, mstari baada ya mstari, umbali wa futi na nusu. Majirani walikuja na vigoda kutazama. Alawi aliporudi alitembea katikati ya mistari kwa uzito unaostahili, akaweka alama kwenye fomu, akakaribishwa chai isiyo na sukari. Ndipo alipoona ile foronya tupu imetundikwa ukutani karibu na barua, akauliza. Melkiadi akamsimulia yote. Kijana akakiri kwamba yeye mwenyewe tangu aletwe Babati analala kwenye mkeka juu ya saruji, na kibali chake cha godoro kina mwaka mmoja na miezi minne bila jibu.

"Zikikomaa, mzee, naomba unikumbuke," alisema.

Mwaka uliofuata mistari ilipotea, kama ilivyotazamiwa, maana nyasi hazijui kusimama foleni. Ziliungana, zikapanda hadi kifuani. Zile nyekundu ziliinamisha vichwa, zile ndefu zikatikisika juu yake, na katikati yakazuka maua ambayo mengine alijua ameyaleta na mengine hakujua: ya njano, meupe, ya buluu yanayofunga saa sita mchana. Mvua kubwa ya Aprili ilishuka, na korongo, kwa mara ya kwanza tangu Melkiadi ahamie Singe, halikusogea hata kidole. Yeye hakuligundua hilo. Alikuwa akingoja mbegu zikauke ili akate, zibaki mbegu za kudondoka kwa ajili ya mwaka wa mbele.

Julai alimwomba Teodori fyekeo. Teodori, mtu wa ahadi, alikataa. Ilibidi Melkiadi alete mashahidi wawili ndipo likarudi. Melkiadi alikata, akaanika siku nne akizigeuza, akajaza foronya, akaishona kwa mkono wake kwa mishono ya mtu aliyejifunza kwenye magunia. Lilitoka nene, la kuvutia, limepinda kidogo upande wa miguu. Teodori alilifunga kwenye baiskeli akaenda nalo Maisaka, na watu njiani wakamsimamisha kuuliza linauzwa wapi.

Jioni alirudi nalo.

"Amelala juu yake?" aliuliza Melkiadi.

"Amelala. Amesema mgongo umeshukuru. Kisha akageuka akalinusa." Teodori alikohoa. "Amesema linanukia barabara."

Melkiadi alilipasua, akatia majani yanayonukia ya kando ya ziwa. Likarudi. Akatia maua ya njano. Likarudi. Akatia waridi alilopewa na masista. Hilo lilirudi haraka kuliko yote, na ujumbe wake ulikuwa mrefu: amwambie Baba Hilaria aache mchezo, anajua vizuri sana anachomnyima, na kama ameamua kumnyima, amnyime bila kumzungusha mzee wa watu na baiskeli.

"Unamnyima nini?" aliuliza Teodori, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba.

Melkiadi hakujua. Alikesha akijihesabia makosa yake ya ndoa, na yalikuwa mengi, lakini hakuna lililonukia. Palipokucha alivaa lile koti la mvua lisilo na vifungo, kwa kuwa hakuwa na lingine, akaenda Maisaka kwa miguu yake. Mwanamume haendi mwenyewe, hutuma watu. Watoto wa Maisaka walimtazama kana kwamba ametembea uchi. Hilaria alipofungua mlango alimwamkia, akampisha, na ndani alikuwepo Fabiola, ameketi kwenye kigoda, amejishika kiuno.

"Mama Hilaria," alisema Melkiadi, akiwa bado amesimama, "sijui ninachokunyima. Ningekijua ningekuletea hata kama kiko Kondoa. Nililikosea godoro lako. Nilimkosea mama yako. Nyumba imekuwa kubwa, na ugali umenishinda. Njoo unioneshe kwa kidole, kisha ukitaka urudi huku, utarudi."

Fabiola aliinuka kwenye kigoda. Kisha akachukua kitenge chake. Walitoka pamoja, yeye mbele na mumewe nyuma, na hivyo ndivyo walivyovuka mji mzima.

Alipofika nyuma ya nyumba alisimama. Sehemu iliyobaki bila kukatwa ilikuwa bado imesimama, na upepo wa asubuhi ulikuwa ndani yake. Nyuki walikuwa kazini. Fabiola alipitisha kiganja juu ya vile vichwa vyekundu kama anavyopapasa mtu ng'ombe wake, na Melkiadi, kwa mbali, aliona mabega yake yakishuka. Fabiola aliingia ndani ya nyasi akinusa, akichuma hiki na kukitupa, mpaka akatokea upande wa pili, kwenye ukingo wa korongo.

"Na huku chini kuna nini?"

"Takataka," alisema Melkiadi. "Ndipo ninapotupa magugu."

Fabiola alijifunga kitenge akateremka. Melkiadi alingoja. Kimya. Akamwita, hakuitika. Alidhani ameanguka, korongo lililomkosa wakati ule wa choo sasa limempata, akaporomoka nyuma yake kwa makalio, koti likibaki kwenye mwiba.

Sakafu yote ya korongo ilikuwa ya zambarau. Kile kimmea cha kutambaa, alichokuwa ameking'oa na kukitupa kwa misimu mitatu, kilikuwa kimeshika mizizi huko chini, kimepanda kuta, kimeshikana kama mkeka, na udongo wote ulikuwa umetulia chini yake. Katikati alikuwapo Fabiola, amepiga magoti, uso wake umezama kwenye majani, analia na kucheka kwa pamoja.

"Hili ndilo mama alilolitia," alisema. "Pale makaburini hulikuti, liliota kileleni tu. Umelipata wapi?"

Melkiadi alikumbuka vumbi lililotoka godoroni, na mbuzi.

"Lilitoka kwenye godoro," alisema. "Peke yake ndilo lililoota. Nililing'oa."

"Pasaka ile mkono wako ulinukia mama yangu," alisema Fabiola. "Nikajua unalo. Nikangoja uniletee. Miaka miwili, Baba Hilaria, nangoja uniletee, na wewe unaniletea waridi la masista."

Melkiadi naye alipiga magoti. Walichuma pamoja, mwanamume wa kwanza katika ukoo ule kuruhusiwa kuona kinachowekwa humo. Fabiola alimwonesha: mabua mawili ya maua kwa kila konzi ya nyasi, yawe yamenyauka, yasiwe yamekauka. Alipokosea alimpiga kidogo kwenye mkono, naye akakosea mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Saa nane mchana godoro lilikuwa limeshonwa upya na kutandazwa uani, juani. Fabiola alisema atajilaza kidogo tu, kulijaribu. Alijilaza kwa ubavu, akavuta pumzi moja ndefu, na kabla ya ya pili alikuwa amelala. Kiuno chake kilinyooka. Uani palinukia kama Jumamosi zote za maisha yao.

Melkiadi alikaa kwenye gogo akiwafukuza kuku kwa mkono, bila sauti. Alikuwa hivyo kengele ya baiskeli ilipolia, akaingia Bwana Alawi akisukuma baiskeli, ana gunia tupu begani na shikamoo mdomoni. Melkiadi aliweka kidole midomoni. Akamwonesha nyasi zilizosimama, akamwonesha fyekeo lililoegemea ukuta, kisha akamwonesha korongo, na kwa vidole akamhesabia: mawili kwa kila konzi.

Kijana alivua viatu ili asipige kelele, akapita kwa ncha za vidole. Fabiola alijigeuza usingizini.

"Baba Hilaria," alisema, macho yamefumba, "na choo utajenga lini?"

Melkiadi alimshukuru Mungu.